Mjomba Hajajua Bado

Kiwanda cha Sabuni,
Chumba cha mwisho, upande wa matangi.

Kwako Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, mgongo umetulia, na yule bibi kizee unayemtunza huko hajaanza tena kutupa vijiko. Ukitaka kujua habari zetu, sisi hatujambo kwa kadiri yetu. Mimi ni mzima, meno yote yamo kinywani isipokuwa lile ulilonilazimisha kuling'oa kwa uzi na mlango tulipokuwa wadogo, na sijakusamehe hadi leo. Kikohozi cha mwanao kimepona. Chumba chetu bado kinanuka sabuni, maana kiwanda hiki kilifungwa tangu hatujazaliwa lakini kuta hazijapata taarifa.

Najua umeshangaa kuona bahasha. Utasema Ukoko amerukwa na akili, simu iko mfukoni mwake kutwa kucha, barua ya nini? Sababu ninayo, na ndiyo habari yenyewe. Simu katika nyumba hii imeharibika, Dada. Mlio wake mzima na chaji inaingia, ila haiaminiki tena. Nakuomba uisome barua hii ukiwa umekaa, na usinipigie kabla hujafika mwisho. Ni habari ya mwanao Chiriku. Haumwi wala hajapotea, na chakula anakula. Lakini naona tunampoteza huku tunamtazama, na mwenye uwezo wa kumrudisha ni wewe peke yako.

Mara ya mwisho ulipopiga ulinisifu sana. Ulisema mtoto amekuwa na adabu, amekusalimia vizuri, amekwambia anakula, anasoma, usiwe na wasiwasi, upumzike. Ulicheka mpaka ukatokwa na machozi, ukauliza huyu ndiye yule Chiriku wetu aliyekuwa akisema mpaka akiwa na maji mdomoni? Ukasema nina mkono wa kulea. Nami nikazipokea sifa hizo kama mtu aliyepewa koti lisilo lake na nje kuna baridi.

Yaliyotokea mlimani unayajua. Unajua kwamba asubuhi ile, baada ya mvua ya siku nyingi, mama alimtuma Chiriku dukani chini akanunue chumvi, na kabla hajarudi mlima ukashuka ukaufuta mtaa wa juu wote. Unajua mama alikuwa jikoni. Mazishi uliyasikia kwa simu tu, kwa kuwa mwajiri wako alikunyima ruhusa, nami niliishika simu juu ya kaburi mpaka mkono ukafa ganzi. Ambacho hukijui ni tuliyoyafanya baada ya pale.

Watoto hawakuletwa makaburini. Watu wazima tulikubaliana wasiambiwe, eti wangali wadogo, mioyo yao itapasuka. Waliwekwa hapa kiwandani, tulikohamishiwa sote tuliosalia, wakapewa pipi, na mlango ukafungwa ili wasisikie vilio. Kila nyumba ikatunga uongo wake. Mimi nilimwambia Chiriku kwamba Bibi amekwenda kwako. Nilisema kwa kinywa changu hiki, tena nikaongeza chumvi, nikasema amepanda ndege na amekaa dirishani. Nawe ulipopiga ukaulizwa Bibi yuko wapi, ukasema amelala. Siku nyingine ukasema anaoga. Sikulaumu, Dada. Sote tulifunika kombe mwanaharamu apite.

Lakini mtu hawezi kuoga miezi. Uliniambia uongo umekuishia, nifanye lolote, nami nikakujibu niachie mimi. Hukuniuliza nitafanya nini.

Unamkumbuka Redio, yule mnadi wa sokoni, anayeweza kukuuzia shati ulilolivaa. Unakumbuka alivyokuwa akimwiga kila mtu harusini, mpaka bwana harusi mwenyewe aliwahi kuitika sauti ya mkewe kumbe ni Redio yuko nyuma ya pazia. Basi nilimwendea. Nilimwomba apige simu kwa sauti ya mama. Alikataa, nikambembeleza, akakubali. Alikwenda kusimama nyuma ya ukuta wa chumba walimokuwa wakichemshia sabuni, akapiga, nami nikafungua spika.

Ilikuwa sauti ya mama, na kule kusafisha koo kwake kabla ya kugomba. Nilitaka kumnyang'anya mtoto ile simu nizungumze mimi. Chiriku alisikiliza, akaitika ndiyo Bibi, sawa Bibi, akanirudishia simu. Kisha akautazama ukuta. Alitazama pale pale Redio alipokuwa amesimama upande wa pili, akapakazia macho kwa muda, halafu akaenda kucheza. Mimi kazi yangu ni kusikia maji yanapovuja ndani ya ukuta, watu hunilipa kwa hilo, na siku ile sikusikia kitu.

Habari zikaenea. Wazazi wengine wakamfuata Redio, na yeye hana moyo wa kukataa mara ya pili. Akawa baba wa huyu, mama wa yule, kaka wa mapacha wale wa chumba cha katikati. Utamwona anazunguka uani na simu sikioni akizungumza kwa sauti za watu tuliowazika. Alianza kukonda. Kuna asubuhi nilimsalimia mlangoni akaniitikia kwa sauti ya fundi viatu wa pale kona, yule aliyefukiwa pamoja na kibanda chake, wala hakujua kama amefanya hivyo. Akaendelea kupiga mswaki. Kisha siku moja sokoni alipanda juu ya meza kunadi mablanketi, akafungua kinywa, ikatoka sauti ya mwanamke mzee akimwita mtu aingie ndani, mvua inakuja. Watu walicheka kidogo. Halafu wakaondoka mmoja mmoja. Kutoka hapo Redio akapotewa na sauti kabisa, akawa anaongea kwa mikono, na simu za marehemu zikakoma.

Tulidhani zimekoma. Siku chache baadaye Chiriku alinijia ninakata nyuzi za kuungia bomba, ametulia, akaniambia Bibi amepiga, ananisalimu, na anasema ile koki ya msalani inavuja nikaitengeneze. Nilimuuliza amepiga kwa simu gani. Simu ilikuwa mfukoni mwangu na Redio alikuwa kitandani na kitambaa shingoni. Chiriku akaniokotea spana. Nikaenda kuiangalia koki, na kweli ilikuwa inavuja. Baada ya siku hiyo watoto wengine nao wakaanza kuleta salamu. Mmoja alimwambia mama yake kwamba baba amesema lile koti lake limekaliwa na panya, na walipofungua sanduku wakakuta hivyo hivyo. Watu wazima wakaanza kunong'ona penye mabeseni ya kufulia. Wengine wakafunga mizigo, ingawa hawakuwa na pa kwenda.

Mama alikuwa akisema watoto wakinyamaza nenda ukaangalie wamevunja nini. Mchana mmoja, watoto wamesharudi kutoka shule na jua liko utosini, nikagundua uani hakuna kelele hata chembe. Nikazunguka nyuma. Nilikuwa nimelaza bomba jipya chini ya ua, kutoka penye matangi mpaka bafuni, ila nilikuwa sijaliunganisha kwa kuwa nilisubiri valvu kutoka idara ya maji. Lilikuwa wazi ncha zote mbili. Upande wa bafuni nikawakuta watoto wameketi mstari mmoja ukutani, kimya, kama wagonjwa wanaomngojea daktari. Mmoja mmoja aliinuka, akapiga magoti, akaweka sikio kwenye bomba, akanong'ona, akasikiliza, akampisha mwenzake. Hawakunikimbia. Walinisogezea nafasi, na mmoja akainama kwanza akanong'ona jambo ndani ya bomba.

Basi nami, mtu mzima na ndevu zangu, nikapiga magoti nikaweka sikio. Ndani ya bomba kulikuwa na baridi. Halafu sauti ya mama ikaniuliza Ukoko, umekula?

Unajua hakuna aliyeniita hivyo ila mama na wewe, kwa sababu mimi ndiye wa mwisho, niliyekwangua sufuria. Sauti ile iliuliza, kisha ikangoja. Nami nikaitika. Nikasema ndiyo mama. Dada, niliitika kabla sijafikiri, na nikaona aibu na furaha kwa wakati mmoja, kisha nikashikwa na hofu nikakimbia mpaka kwenye matangi.

Nilimkuta Chiriku amechuchumaa, mdomo kwenye bomba. Nyuma yake walingoja wenzake kadhaa, kila mmoja na marehemu wake. Hakushtuka. Alinieleza kwa upole, kama unavyomweleza mtu aliyechelewa kufika, kwamba Redio alikuwa anamkosea Bibi. Redio alikuwa akisema "mpenzi wangu," na Bibi hajawahi kumwita mtu mpenzi. Na Bibi akiuliza umekula, hungoja umjibu. Redio hakuwa anangoja. Kwa hiyo waliona bora wafanye wenyewe. Koki na koti la panya walikuwa wameviona kwa macho yao, maana mtoto aliyenyamaza huona mengi.

Nilikwenda kuchukua msumeno nilikate lile bomba vipande vipande. Aliyenizuia ni mshauri, binti mmoja aliyekuja na watu wa misaada kuwaangalia watoto. Huvua viatu mlangoni akaketi sakafuni, kwa hiyo watoto wamembatiza Pekupeku. Unajua mdomo wangu. Nilikuwa nimeshasema mbele za watu kwamba binti asiye na mtoto atanifundisha nini mimi, naye alinisikia. Hakukasirika. Aliniambia nisilikate bomba kabla sijasikia watoto wanaulizana nini.

Tukakaa nyuma ya tangi, yeye na mimi, tukasikiliza. Sikuzoea kusikiliza bila kurekebisha kitu, mikono ilikuwa inaniwasha. Watoto walikuwa hawaulizi habari za ndege wala za dirishani. Mmoja alimuuliza baba yake kama iliuma. Mwingine alimuuliza dada yake kama alimwita naye hakusikia. Kuna kidume kimoja kidogo, kigomvi kuliko wote, kiliuliza kama mlima ulianguka kwa sababu yeye alikataa kwenda kuteka maji. Na kwenye ncha ya pili, mtoto mwenzake, kwa sauti nzito ya baba, alimjibu hapana, mlima umeanguka kwa sababu ya mvua. Kisha kikauliza tena, na kikajibiwa tena vile vile. Nililia pale nyuma ya tangi, Dada, na sioni haya kukuandikia. Yale tuliyokataa kuulizwa sisi wenye ndevu, walikuwa wakijibiana wao.

Pekupeku aliwakusanya wakubwa wote. Akasema watoto hawa wanajua tangu siku ya kwanza, walisikia vilio kupitia mlango. Kujua wanajua. Wamekosa mtu wa kumuuliza asiyegeuza uso wala kuwapa pipi. Akasema keti chini macho yenu yalingane. Sema amekufa, usiseme amelala, ama mtoto ataogopa kitanda. Usilolijua, sema sijui. Usimwambie asilie. Usimwahidi kwamba mlima hautaanguka tena, mwonyeshe mtakapokimbilia mvua ikija. Na akiuliza jambo lile lile kila siku, mjibu kila siku, hata kama ulimi umekuota sugu. Mzee mmoja alisema huku ni kuchokonoa kidonda. Mama wa wale mapacha akamjibu kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, na akatoka pale kwenda kwa watoto wake moja kwa moja.

Redio alizunguka chumba kwa chumba. Sauti ilikuwa imeanza kurudi, inakwaruza. Aliketi mbele ya kila mtoto akasema nilikuwa mimi, nisamehe. Binti mmoja mdogo alivua kandambili akampiga nayo mpaka akachoka, na Redio alitulia tu amefumba macho. Baadaye binti yule alilala mapajani mwake akakoroma.

Nami nilimwambia Chiriku. Niliketi sakafuni, nikasema Bibi amekufa, udongo ulimfunika, tulimzika, nami nilikudanganya. Akasema anajua. Nikamuuliza kama ana la kuuliza, akasema hana. Akaniuliza mimi kama nimekula. Nilitoka pale nimenyanyua mabega, nikajiona nimeutua mzigo.

Baada ya hapo kiwanda kikageuka soko. Watoto walilia, walipigana, walikojoa vitandani, waliuliza habari za maiti katikati ya chakula. Nilidhani tumeharibu, lakini Pekupeku alisema ndivyo inavyotakiwa, maumivu yanatoka nje. Na kweli polepole wakaanza kucheka. Mstari wa bafuni ukapungua mpaka ukaisha. Aliyebaki ni Chiriku. Hakulia wala hakukojoa kitandani. Alifua soksi zangu. Na kila mchana alikwenda kwenye bomba na rafiki yake mmoja, binti wa chumba cha pili, ambaye tumetenganishwa naye kwa plaiwudi tu.

Kuna mambo niliyaona nikayapita. Mnara wa simu ulipotengenezwa, mara ya kwanza ulipopiga kwa picha, unakumbuka? Ulisema ilikatika mapema. Huku kwetu uso wako ulikuja, kisha ukaganda, mdomo wazi, jicho moja limefumba nusu. Chiriku alikutazama kwa muda mrefu. Kisha akailaza simu kitandani taratibu, akachukua kitambaa safi akaifunika, akakinyoosha pembe. Nilidhani ni mchezo. Na nilipobandika picha yako ukutani ili asikusahau, alinishukuru. Akasema hata Bibi anayo, kaburini.

Valvu ililetwa wiki iliyopita. Nilikwenda penye matangi na gundi na msumeno kumaliza kazi, nikamkuta yule rafiki amechuchumaa kwenye bomba, nikasimama nyuma ya ukuta nimngoje amalize. Nilifikiri ni mama tena. Haikuwa mama. Ilikuwa sauti yako, Dada, na kicheko chako kile kinachopanda mwishoni, alichokuwa amekisikia kila Jumapili kupitia plaiwudi. Na kutoka upande wa bafuni, kwa umbali, nikamsikia Chiriku akiuliza: mama, udongo ulikukuta jikoni au chumbani?

Gundi ilikauka mkononi mwangu.

Nimelifikiria jambo hili mpaka kichwa kimeuma, na kila ninavyoligeuza naona mtoto hajakosea popote. Tulimwambia Bibi amekwenda kwako. Bibi yuko kaburini. Basi anajua uliko. Amepigiwa simu na mtu aliyekufa, akaelezwa kwamba simu ile ilikuwa ya uongo. Basi ya kwako itakuwa ya kweli kwa lipi? Hukuja kuzika, na kwa akili yake mtu asiyekuja kumzika mama yake ni yule tu asiyeweza kuja. Mwanao anaamini umekufa, Dada. Anaamini hivyo tangu wakati ule tulipodhani tumemponya.

Na utauliza kama nilivyouliza mimi: kama anaamini hivyo, mbona anaitika simu vizuri namna ile? Hili ndilo lililonifanya nitafute karatasi. Nilimweleza Pekupeku, akaenda kuketi na Chiriku chumbani kwetu, nami nilikuwa upande wa pili wa plaiwudi nakaza koki ya jirani. Sikukusudia kusikia, lakini mwenyewe unajua kuta zetu. Chiriku alisema kuna mtu anayepiga kwa sauti ya mama yake, hajamjua bado ni nani, labda ndugu wa Redio. Yeye humjibu vizuri kwa ajili yangu. Alisema simu ikilia mjomba hufurahi sana, huifuta kwenye shati kabla ya kumpa. Kisha akamsihi Pekupeku asiniambie kitu. Alisema mjomba hajajua bado. Mjomba anadhani mama yuko hai. Atamwambia mwenyewe, polepole, mjomba akipata nguvu.

Yule mtoto mwenye adabu uliyenisifia, Dada, ni mtoto anayemlea mjomba wake. Upumzike, alikwambia. Sasa unajua alikuwa akimwambia nani: ndugu wa Redio, si wewe.

Nimejaribu. Niliketi sakafuni nikamwambia mama yako yu hai, wallahi yu hai. Akasema sawa mjomba, akanishika mkono akaupapasa. Kadiri ninavyoapa ndivyo anavyonihurumia. Nilitaka umwambie kwa simu siri mnayoijua wawili tu, lakini Pekupeku alinikataza. Alisema tusimfanyie mtoto mitihani, na sauti zimeshatosha katika nyumba hii. Alisema amwone mama mzima, mwenye uzito na jasho na harufu yake, na akae naye.

Kwa hiyo njoo. Najua mkataba, najua mwajiri, najua walivyokujibu wakati wa mazishi. Sijui utawaambia nini. Omba, gombana, piga magoti, mimi ni mdogo wako sikufundishi. Hata kwa siku chache njoo. Nimeshamwambia kwamba nitakuita, akasema sawa.

Ukifika, fika mchana. Usije mbio ukamkumbatia, najua ilivyo vigumu. Keti kizingitini akutazame. Anaweza kukimbia. Anaweza kukugusa kama mtu anayejaribu pasi kama ina moto. Mngoje. Akikuuliza kwa nini hukuja kumzika Bibi, mwambie ukweli wote, hata ule unaokutia aibu. Akikupiga, tulia. Akianza kulia usimnyamazishe kwa lolote, maana nimeyangoja machozi hayo kama tulivyoyangoja maji mtaa mzima. Na mpaka siku hiyo usimpigie. Najua nakunyima kitu pekee ulicho nacho naye. Nimekifikiria kabla ya kukiandika, na nakiandika.

Jirani zetu wote wanakusalimu. Redio anakusalimu kwa sauti yake mwenyewe, kwa kadiri iliyobaki. Mama wa mapacha anasema ukija utalala kwake kama kwangu pamebana.

Salamu za Chiriku nilitaka kuziomba nizitie hapa. Alikuwa amerudi kutoka shule sasa hivi, akanikuta nimeinamia boksi la spana naandika. Aliniuliza namwandikia nani. Nikamwambia mama yako. Alisimama, begi mgongoni. Kisha akalivua, akaja akaketi chini karibu yangu, macho yetu yakalingana, akaniegemea begani. Hakunipinga. Aliniambia niandike tu, niandike yote, nisiharakishe. Akasema nikimaliza nisijisumbue kwenda posta, ni mbali na jua ni kali. Nimpe yeye barua. Na nisiwe na wasiwasi kwamba sitajibiwa, kwani mwandiko wa mama yake anaukumbuka vizuri, atanijibu yeye.

Barua naipeleka mwenyewe, naondoka nayo sasa hivi. Dada yangu, njoo kabla sijajibiwa.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Ukoko.